Atakuvua Viatu, Jibu Hatakupa

Mpaka leo nikiona mtu anavua viatu mlangoni, hata kama ni kwa jirani aliyenunua zulia jipya, masikio yangu yanapata moto na ninaanza kutafuta sababu ya kuondoka. Watoto wangu wanadhani ni maringo. Mke wangu anajua, lakini amenisitiri miaka hii yote, Mungu ambariki. Sasa nimestaafu, nywele zimeisha, na wengi waliokuwepo siku ile walishahama Kisumu, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine (hasa kwa Abuya, ambaye akiisimulia lazima aongeze chumvi, na jameni, hii haihitaji chumvi). Niliaibika mbele ya bosi, mbele ya wageni na mbele ya ufuo mzima wa Luanda Kotieno, na ubaya wake ni kwamba nilistahili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mkuu wa idara ya kompyuta katika kiwanda cha samaki pale Kisumu. Tulichukua mbuta, wale samaki wakubwa ambao wengine huwaita sangara, kutoka fuo mbalimbali za ziwa, tukawakata minofu, tukawagandisha, wakaenda ng'ambo. Idara yangu ilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kupoza hewa, kompyuta moja kubwa kama kabati la nguo, kompyuta ndogo ya kuandikia barua, na mimi. Nilikuwa nimesoma Nairobi miaka miwili nikarudi na tai tatu, na watu wakaanza kuniita Jakompyuta, yaani mtu wa kompyuta, na jina hilo nililipenda kupita kiasi.

Kuingia chumbani kwangu kulikuwa na sheria. Unavua viatu, kwa sababu tulifundishwa kwamba vumbi ndilo adui wa kompyuta (hiyo ilikuwa kawaida kila mahali siku hizo, sikuibuni mimi), unaviweka kwenye rafu ya mbao, unavaa patipati, yaani ndala, za bluu nilizoziandika kwa kalamu nyekundu, ya kushoto IDARA na ya kulia KOMPYUTA, ili zisitembee zikapotea. Halafu unaandika ombi lako katika Kitabu cha Maombi, unapewa namba, unaenda zako. Jibu ni baada ya wiki mbili. Watu wazima, wakubwa wa idara zao, walisimama mbele yangu na soksi zilizotoboka, kalamu mkononi, wakiniuliza kwa upole kama wameandika mahali panapofaa, na mimi nilikuwa naona raha. Ndiyo, nasema ukweli, nilikuwa naona raha.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, Peres Awuor, karani wa malori. Kazi yake ilikuwa kupanga kila asubuhi lori gani la barafu liende ufuo gani. Alianza pale kiwandani akiwa mkata minofu, akapanda pole pole kwa miaka kumi na moja mpaka akapata meza yake. Mume wake alikuwa amelala nyumbani Mamboleo na mgongo ulioumia kazini bandarini, kwa hivyo ile meza ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba nzima, watoto wanne na yeye baba yao. Hilo nililijua. Kila mtu kiwandani alilijua.

Peres alikuja kwangu mara moja tu kuomba orodha ya malori itolewe na kompyuta. Nikamwambia aandike kwenye kitabu. Akauliza, "Wiki mbili? Bwana Onyango, kwani samaki inangoja wiki mbili?" Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Hakurudi tena. Badala yake kaka yake aliyekuwa anasoma ng'ambo alikuja likizo na kompyuta ndogo ya mtumba, akamwachia, na yeye akaileta ofisini, akaiweka mezani, akawa anaifunika na leso kila jioni. Akasoma mwenyewe kitabu cha hiyo mashine, ukurasa baada ya ukurasa, na baada ya mwezi mmoja orodha yake ikawa inatoka kabla chai haijapoa.

Basi watu wakahamia kwake. Ukitaka kujua lori la tatu liko wapi, enda kwa Peres. Ukitaka kujua jana tulipokea mbuta wangapi kutoka wapi, enda kwa Peres, na huko huvui viatu. Mbaya zaidi, wakaanza kupata mawazo. Mtu wa stoo akaniuliza kama anaweza kuleta mashine ya mpwa wake. Katibu wa Meneja akasema dada yake anayo moja nyumbani ambayo inaandika barua vizuri kuliko yetu. Kila mtu sasa alikuwa na jamaa mwenye kompyuta, na rafu yangu ya viatu ikawa inakaa tupu mpaka saa nne. Wivu, ndugu zangu. Mimi nilijiambia ni usalama wa kampuni, lakini ilikuwa wivu.

Nikaandika tangazo: mashine zote za binafsi na disketi zote za kutoka nyumbani ni marufuku, ziondolewe kabla ya Ijumaa jioni. Peres akaja. Alivua viatu vyake bila kuambiwa, akavaa patipati, akasimama.

"Baba, mashine yangu imekukosea nini?"

"Mama, hii ni kampuni. Haiwezi kuendeshwa na kitu cha kufunikwa na leso."

"Basi ichukue wewe. Iweke hapa ndani kwako, mimi nitakuwa nakuja. Hata nitakuonyesha vile naifanya, ujue. Lakini wacha ikae, Baba. Watu wa bichi, kule ziwani, wananingojea kila asubuhi."

Hebu angalieni vizuri hapo. Mama wa watu alikuwa ananipa kila kitu, mashine, kazi yake, hata heshima ya kuonekana ni vyangu, na alichoomba ni samaki wasiharibike tu. Mimi nikasukuma kitabu mbele yake nikasema, "Andika hapa." Akakitazama, akarudi mlangoni, akavaa viatu vyake taratibu, akasema bila hata kugeuka, "Huyu mtu hajui ziwa." Nami nikakaa chini nikamwandikia Meneja barua kwamba karani wa malori amekataa amri na amenitukana kazini.

Meneja alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi. Akaamua Peres aende likizo kuanzia Ijumaa hiyo, na barua ya kumwachisha kazi itafuata Jumanne, baada ya wageni wetu kuondoka, maana tulikuwa tunangojea wanunuzi wawili kutoka ng'ambo na hakutaka kelele. Aliponiambia haya tulikuwa wawili tu ofisini mwake, na nakumbuka roho ilinishtuka kidogo, kwa sababu nilitaka mashine iondoke, sikuwa nimefikiria mtu. Nilitaka kusema neno. Lakini Meneja akaendelea: "Hawa wageni wanataka kuona vile tunajua samaki inatoka wapi. Ile orodha ya malori ya kila asubuhi, watu wanaisifu sana. Si ni ya idara yako?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Neno moja. Ningesema hapana, leo nisingekuwa na mkasa wa kusimulia.

Ijumaa saa saba, Peres akiwa ameenda kula, niliingia ofisini kwake na viatu vyangu mkononi ili nisisikike, na katika mfuko wa shati nilikuwa na disketi (mimi, mwenye tangazo!). Leso ilikuwa pale, nikaifunua, nikanakili orodha yake, nikaifunika tena. Niliporudi kwangu nikaifungua: ufuo, lori, dereva, barafu, saa ya kuondoka. Safi kabisa. Sasa, skrini za siku zile zilikuwa zinaonyesha kipande tu cha jedwali, na mtu mwenye akili angesukuma upande wa kulia aone kama kuna kitu kingine. Mimi sikusukuma. Nilifuta jina la Peres pale juu nikaandika IDARA YA KOMPYUTA.

Jioni hiyo nilimwona akitoka getini, mashine imefungwa na ile leso, ameibeba kifuani kama mtu anayetoka hospitali na mtoto mchanga. Mlinzi alimsaidia kuvuka barabara. Mimi nilikuwa dirishani.

Jumamosi nilienda mazishi Luanda Kotieno. Mzee mmoja mvuvi, jamaa ya mke wangu, alikuwa amefariki, na nyinyi mnajua desturi ya pale: mwenzao akifa, mitumbwi haiingii ziwani mpaka azikwe. Nilikuta mitumbwi yote imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, wiki nzima hakuna aliyevua. Nikala, nikalia kidogo, nikasikia kwa masikio yangu vijana wakisema, "Jumatatu usiku tunarudi ziwani, hata samaki wametungoja." Nikawajibu, "Mungu awabariki." Kisha nikapanda gari nikarudi mjini, na hakuna kitu hata kimoja kilichogongana kichwani mwangu.

Na vilipaswa kugongana, kwa sababu katika orodha niliyoiba, mstari wa Luanda Kotieno ulisema: barafu, hakuna. Malori yake mawili yameandikwa yaende Dunga, ufuo mwingine. Jumatatu niliitoa hiyo orodha kwa printa ndogo ya barua, karatasi yake nyembamba ikaishia pale pale ilipoishia skrini, malori yakaenda, hakuna aliyelalamika, nikatembea kiwandani nikipiga mluzi, na Jumanne alfajiri nikaitoa vile vile.

Jumanne saa moja asubuhi simu ya chumba changu ikalia. Nilikuwa nimepiga magoti napanga patipati za wageni kwa ukubwa. Alikuwa Mama Achieng', wakala wetu wa Luanda Kotieno, ameenda posta kupiga simu, na wale wa malori wamemwambia orodha sasa ni ya kompyuta, aongee na kompyuta.

"Niletee Peres," akasema.

"Peres yuko likizo. Ongea na mimi."

"Basi wewe, tuma barafu. Mbuta iko mingi, mitumbwi bado inaingia, na jua hilo linapanda."

Na mimi, ndugu zangu, ulimi wangu ukafuata mazoea kabla sijafikiri. Nikamwambia, "Mama, maombi yote yanaandikwa kwenye kitabu. Nimekuandikia. Wewe ni namba arobaini na moja." Simu ikakatika, nami nikarudi kwenye patipati.

Saa tatu wageni wakaja, mama mmoja mrefu na mzee mmoja wa ndevu, na Meneja, na wakubwa wa idara zote, wote wakavua viatu. Nilitoa hotuba fupi juu ya teknolojia. Nikabonyeza, na ile printa kubwa, yenye karatasi pana ya kukunjwa, ikaanza kupiga kelele, krrr, krrr, na mimi nikawa nachana nakala moja moja nikimpa kila mtu bila kusoma, huku natabasamu. Karatasi ilikuwa pana. Kila kitu kilitoka, hata kile cha upande wa kulia.

Wa kwanza kucheka alikuwa mtu wa stoo. Nikadhani amefurahi. Halafu Abuya, mkubwa wa madereva, mzee mwenye sauti ya kanisani, akavaa miwani yake akaanza kusoma kwa sauti ile safu ya mwisho, ambayo Peres alikuwa ameiita Ya Kukumbuka.

"Lori namba tatu, breki si ya kuamini, isipewe mlima," akasoma. "Hiyo ni kweli! Dereva Were akisema amefika, bado. Ukimkosa, yuko chai Mamboleo. Yawa, jameni, huyu mama! Abuya, mwambie mara mbili, ya kwanza huwa hasikii." Watu wakaangua kicheko, yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikaanza kunyoosha mkono nikusanye karatasi, lakini ziko kumi na nne, na mkono ni mmoja. Abuya akaendelea: "Kompyuta, Onyango. Usimwombe kitu cha leo. Atakuvua viatu, jibu hatakupa."

Kila mtu aliangalia chini. Ndipo nilipoona miguu yetu yote, ya Meneja, ya wageni, ya wakubwa wote wa kiwanda, ndani ya patipati zilizoandikwa IDARA na KOMPYUTA, na kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena mahali popote. Yule mgeni mrefu akauliza imeandikwa nini. Hakuna aliyemtafsiria.

Abuya akafuta machozi akasoma mstari wa mwisho, na sauti yake ikashuka. "Luanda Kotieno. Matanga. Hawavui mpaka mazishi. Wakizika tu, rudisha barafu yote, samaki itakuwa mingi." Akanitazama juu ya miwani. "Onyango. Si wamezika Jumamosi? Si wewe ulikuwa huko?"

Hakuna aliyecheka tena. Meneja alichukua kile Kitabu cha Maombi mezani, akasoma ombi la mwisho, namba arobaini na moja, saa moja asubuhi, kwa mwandiko wangu mzuri. Akasema neno moja tu: "Twende."

Malori yote ya barafu yalikuwa yameshatoka. Mlangoni ikawa vurugu, kila mtu anatafuta viatu vyake, na nilipofika kwenye rafu vilikuwa vimebaki viatu vyeusi vidogo ambavyo hata vidole havikuingia. Meneja akapiga honi, wageni na Abuya wakiwa ndani naye. Nikapanda nyuma ya pikapu na tai yangu na patipati zangu. Safari ya Luanda Kotieno wakati huo ilikuwa zaidi ya saa mbili, na baada ya Bondo ni vumbi na mawe. Mimi niliyekuwa nikiogopa vumbi lisiingie chumbani nilifika ufuoni nikiwa mwekundu kuanzia nywele mpaka kucha.

Mbuta walikuwa wamelazwa kwenye majani, lundo baada ya lundo, wengine warefu kuliko mtoto wa shule, na macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Wavuvi walikuwa wamesimama kando. Wiki nzima hawakuvua kwa heshima ya mzee wao, na siku waliyorudi, ziwa likawapa, sisi tukawaozeshea samaki. Nilitaka ardhi ipasuke. Mama Achieng' akaja moja kwa moja, akanikagua kuanzia juu, akafika kwenye patipati, akazisoma.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi ndio namba arobaini na moja. Nimekuja kuchukua jibu."

Ufuo mzima ulisikia. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, patipati ya kulia ikanasa kwenye tope, mguu ukatoka bila hiyo, nikabaki na IDARA peke yake. Abuya naye alikuwa anatembea kwa shida, anaburuta viatu. Akaviangalia, akaniangalia mguu, akasema, "Omera, ndugu yangu, hivi si ni vyako?" Lakini hata hapo hakuna aliyecheka.

Meneja akanikunjulia ile karatasi usoni. "Onyango, orodha hii ni ya nani?"

Na hapa ndipo penye aibu yangu yenyewe. Mengine yote, patipati, tope, kicheko, hayo ni mambo ya kusimuliana. Hili sijawahi kumwambia mtu vizuri, hata mke wangu. Nilisema, "Ni ya Peres, Mzee. Yeye ndiye aliyeandika hakuna barafu." Siku zote hizo nilikuwa nimeficha kwamba orodha ni ya Peres, na siku nilipotoa ukweli huo niliutoa ili nimtupie yeye makosa. Kila neno lilikuwa kweli na nilikuwa nadanganya.

Meneja akatoa bahasha mfukoni mwa koti. Jina la Peres lilikuwa limepigwa chapa juu yake. "Basi leo jioni nitampelekea mwenyewe," akasema.

"Peres gani?" Mama Achieng' akauliza. "Peres huyu wangu? Yule nimempigia simu yangu ya pili asubuhi, kwa duka la jirani yake Mamboleo, nikamwambia kompyuta imenipa namba? Ngoja basi umpatie hapa hapa. Ako njiani."

Na kweli, haikupita nusu saa, honi ikasikika, na lori la Were likashuka kwa vumbi jingi. Dunga walikuwa hawana haja ya malori mawili, yeye akarudi na barafu yake, akaenda zake kunywa chai Mamboleo, na mahali pale pale palipoandikwa kwenye safu ya mwisho ndipo Peres alipomkuta. Akashuka mlango wa mbele na nguo ya nyumbani, kitambaa kichwani, mtu aliyepelekwa likizo kwa nguvu, na hakumsalimu mtu yeyote kati yetu. "Za chini kwanza!" akawapigia wavuvi kelele. "Zile za juu zimeshika jua, hizo wapeni akina mama wa kukausha! Were, fungua!" Na watu wote wakaanza kukimbia, hata Abuya na viatu vyangu, hata yule mgeni wa ndevu nilimwona ameshika koleo.

Meneja alikuwa bado amesimama na bahasha mkononi. Peres akapita karibu, amebeba karai la barafu, akaiona bahasha, akasoma jina lake. Alilishusha karai kidogo tu.

"Mzee," akasema, "kama hiyo ni yangu, ngoja kwanza nimalize samaki."

Akaenda. Hakulia, hakuuliza kwa nini. Nikasikia sauti yangu inasema, kubwa kuliko nilivyotaka, "Mzee, hiyo barua si yake. Andika jina langu. Orodha ni ya wiki iliyopita, mimi niliiiba, niliingia ofisini kwake na viatu mkononi nikainakili na disketi, nikafuta jina lake. Yeye alikuwa ameandika barafu irudi. Mimi sikusoma mpaka mwisho. Na mashine yake alitaka kunipa, Mzee. Nikakataa."

Wavuvi wakasimama. Nikasikia mzee mmoja anauliza mwenzake, "Anasema nini?"

"Anasema ameiba."

"Ameiba samaki?"

"Hapana. Ameiba karatasi."

"Na kiatu nani amemwibia?"

Hapo ndipo walipocheka, na niwaambie ukweli, kile kicheko sikukichukia. Meneja akanipa bahasha. "Ichane wewe," akasema, "na ukimaliza, beba barafu." Nikaichana vipande vidogo, nikavitia mfukoni kwa sababu nilikuwa naona aibu hata kuchafua ufuo wao, nikabeba barafu mpaka saa tisa na mguu mmoja. Zaidi ya nusu ya samaki iliokolewa. Iliyobaki haikuokolewa, na wenyewe walinitazama tu nilipokuwa nikipita.

Sikufukuzwa. Adhabu niliyopewa ni kwenda kwa Peres kila asubuhi mwezi mzima nikafundishwe, na yeye akarudi mezani kwake na mashine yake na leso yake. Kile Kitabu cha Maombi nilikibeba nyumbani, mke wangu akawa anakitumia kuwashia jiko. Na niliapa, na nimekishika kiapo mpaka siku niliyostaafu: wakati vijana walipokuja baadaye na simu zao za mkononi na vikorokoro vyao, ambavyo wamevinunua wenyewe na mimi sivijui kabisa, sikumwandikia mtu tangazo tena. Nilivuta kiti nikasema nionyeshe. Vingine vilikuwa upuuzi, lakini nilisukuma mpaka kulia kabisa kabla ya kusema hivyo.

Lakini mnayopaswa kujua ni ile asubuhi ya kwanza. Nilifika mlangoni kwa Peres mapema, jua halijatoka vizuri. Alikuwa kwenye simu na Mama Achieng', anauliza upepo ulikuwaje, nani ametoka, nani amerudi, anaandika. Mimi sikujua niingieje. Miguu ikajiamulia yenyewe: nikainama, nikavua viatu, nikavipanga vizuri kando ya mlango, nikasimama pale na soksi zangu, ya kushoto ikiwa na tundu, nikingoja niambiwe ingia.

Peres akaweka simu chini. Akaniangalia miguu kwa muda, nami nikajua ananiandika tena kwenye safu ya mwisho.

"Vaa viatu, Baba," akasema. "Hapa tunafanya kazi."